Kijiji Kilichonifaulisha

Neno nililolichukia kwa muda mrefu kuliko yote katika Kiswahili ni "nzuri". Nimelisikia likitoka kwa watu wenye njaa, kwa watu waliotoka kuzika, kwa watu wenye homa mpaka meno yanagongana. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri, ila mtoto amefariki jana. Ndivyo tulivyolelewa. Kwanza unasema nzuri, kisha ndiyo unaruhusiwa kuutaja msiba wako, na kama anayekuuliza ana haraka, au ni mdogo kwako, au amevaa viatu vya mjini, msiba unabaki nao mwenyewe. Hayo niliyajua tangu sijaota meno. Halafu nikaenda chuo kikuu miaka mitatu kusomea ushauri nasaha, nikarudi Lushoto, nikakabidhiwa kishikwambi, na kazi yangu ikawa kuandika hizo nzuri za watu kana kwamba ni kweli.

Ulikuwa utafiti wa ustawi wa nafsi. Walitaka kujua watu wa milimani wanajionaje, wanajiita nani, na maisha ya aliyenacho na asiyenacho yanaumizaje moyo. Waliouleta walikuwa watu wema, sina neno baya juu yao. Walichagua vijiji vitatu, na mwishoni viwili ambavyo hali ya watu wake ingeonekana mbaya zaidi vingeletewa mshauri nasaha, mama mmoja mtu mzima kutoka Tanga, ambaye angekaa kwenye zahanati siku mbili kila juma kwa mwaka mzima, kazi yake kusikiliza tu. Kwetu hatujawahi kuona kitu cha namna hiyo. Kwetu ukiwa na huzuni isiyoisha unaambiwa una mawazo, halafu unaambiwa upunguze mawazo, basi, umeshatibiwa.

Kijiji kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa chetu, juu ya Gare, mahali nilipolelewa na mama mdogo.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Mama mdogo, mdogo wake wa kufuatana, alikuwa ameolewa mwaka uleule, na bado alinibeba mgongoni akaingia na mimi kwenye nyumba ya mumewe. Hakupata mtoto mwingine. Mumewe hakumsumbua kwa hilo, alikuwa mtu mpole, lakini alipofariki ndugu zake walikuja siku ya arobaini na kuchukua shamba la bondeni, lile lenye maji, lenye kabichi na hoho mwaka mzima. Walimwachia matuta mawili juu kabisa, kwenye mawe, ambako hata maharage yanaota kwa kujilazimisha. Walisema mwanamke asiye na mtoto hana wa kumrithisha. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na sare yangu ya sekondari, na hakuna aliyenihesabu.

Juma moja kabla ya kazi kuanza nilimpitia. Ilikuwa Jumapili, nimevaa fulana ya mradi na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alikishika kitambulisho akakigeuzageuza, akaniangalia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu msiba wa baba mdogo.

"Ndiyo kazi umepata, mwanangu?"

Sasa nieleze aibu yangu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Mimi ndiye msichana wa kwanza wa kitongoji kile kufika chuo kikuu. Siku naondoka walinisindikiza mpaka barabarani, wazee wakanitemea mate ya baraka, mama mdogo akanivulia sweta lake. Baada ya kuhitimu nilikaa mwaka na nusu nikiuza vocha na chaja za simu kwenye kibanda cha rafiki yangu mjini Lushoto, na kijijini nikawa nasema bado kuna masomo. Na kazi yenyewe niliyopata ilikuwa kibarua cha mwezi mmoja, kubisha hodi kwenye milango ya watu. Sikuweza kumwambia. Uso wake ulikuwa unasubiri kitu kikubwa zaidi ya hicho.

Nikamwambia, "Bado namalizia masomo, mama mdogo. Huu ndio mtihani wangu wa mwisho. Nikipita hapa wananiajiri."

"Mtihani gani wa kufanyia kwenye nyumba za watu?"

"Nawauliza maswali, majibu yao yanapelekwa chuoni."

Alifikiri kidogo. "Sasa wakijibu vibaya?"

Nikacheka. "Basi nimekwisha."

Maneno mawili. Niliyasema kwa utani, huku nikimenya fyulisi, na nikayasahau kabla sijamaliza kutafuna.

Kwenye mafunzo tulikuwa tumeonywa sana. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usimwelekeze mhojiwa. Usimhoji ndugu yako. Tulikuwa wadadisi sita, na wenzangu watano walikuwa wa kutoka kwingine, Tanga, Arusha, mmoja Dodoma. Mimi nilijiona mjuaji kwa sababu ya Kishambaa changu. Waliponipangia kijiji chetu nilitabasamu kama aliyependelewa.

Siku ya kwanza nilianza na mzee mmoja jirani na kanisa. Tulikuwa na picha ya ngazi yenye vidaraja kumi. Unamwambia mhojiwa: juu kabisa wapo wenye maisha mazuri kuliko wote, chini kabisa wapo wenye maisha mabaya kuliko wote, wewe uko wapi? Swali lilivyoandikwa halikuwa na tatizo. Lakini yule mzee alisikiliza nusu, akaona mstari unapanda, akaweka kidole chini kabisa na kucheka kwa raha. Kwetu mwenye bahati ana shamba chini, bondeni, kwenye maji. Juu ni kwa waliodhulumiwa. Nilielewa mara moja, na badala ya kumsomea tena swali kama nilivyofundishwa, nilimshika mkono nikaupandisha.

"Babu, kwenye hii ngazi juu ndiyo kuzuri," nilimwambia kwa Kishambaa. "Ukiweka chini unasema una hali mbaya."

"Aa! Basi weka juu, mjukuu wangu. Weka juu."

Kuanzia hapo nikawa naeleza kabla sijaulizwa. Nikifungua picha tu, kidole changu kinatangulia juu. Niliona nawasaidia.

Milango ilifunguka. Wenzangu jioni walilalamika kwamba watu wamechoshwa na maswali, wanawafungulia mbwa, wanawaambia warudi kesho. Mimi nilikaribishwa kila nyumba. Nilipewa chai ya rangi, nikapewa magimbi, nikafungiwa matunda ya plamsi kwenye mfuko. "Ndiye wewe wa mtihani?" waliniuliza, na mimi nilitabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilidhani habari zimesambaa zenyewe, kama zinavyosambaa, na sikuona hasara yake.

Na majibu yakawa matamu. Je, katika siku kumi na nne zilizopita umeamka ukiwa na hamu ya siku mpya? Siku zote. Umejisikia una watu wa kukusaidia ukipata shida? Wengi mno. Kuna mama mmoja wa kutoka Kigoma, mchuma chai aliyekosa kazi, alikuwa analala na wanawe watatu kwenye stoo ya mbolea ya mtu. Alikuwa hajui hata Kishambaa, watu wanamwita "yule wa kuja" na miaka imepita sita. Aliweka kidole kwenye daraja la nane, kisha akaniangalia usoni, kama anayepima. Nikaona anataka kuuliza kitu. Nikageuza ukurasa.

Nilijua si kweli. Hilo sitalikana hata mbele ya Mungu. Nilikaa kwenye ile stoo, nikasikia ile harufu ya mbolea kooni, nikaandika nane. Nilijiambia kwamba silipwi ili nijue, nalipwa ili niandike.

Nyumba ya mama mdogo ilitokea kwenye orodha siku ya nne.

Nilifika saa nne asubuhi. Jiko lilikuwa la baridi. Paka amelala kwenye majivu, na paka halali kwenye majivu ya jiko lililowashwa asubuhi. Kulikuwa na sufuria ya maharage yamelowekwa muda mrefu, yameanza kutoa povu. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, si karibu na dirisha, si karibu na jiko, katikati tu. Kitenge alikuwa amekivaa nje ndani. Mtu aliyenifundisha kwamba mwanamke hatoki mlangoni na pindo limelegea!

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeshafika kwangu?" Akainuka haraka, akajipangusa, akakaa vizuri kama mtu anayepigwa picha.

Nikawasha kishikwambi. Swali la kwanza kabisa: Je, mhojiwa ni ndugu yako wa karibu? Ukibonyeza Ndiyo, dodoso linajifunga na nyumba anapewa mdadisi mwingine. Mwingine wa karibu alikuwa kijana wa Arusha, yuko kijiji cha pili, angekuja kesho yake, na mimi nilitaka kumaliza kitongoji siku ile. Na pia sikutaka akute lile jiko.

Nikabonyeza Hapana.

Tukaendelea. Unalala vizuri? Nalala sana. Macho yake yalikuwa mekundu. Unapata hamu ya kula? Nakula mpaka nashindwa kutembea. Mifupa ya shingo yake ilikuwa inahesabika. Katika siku kumi na nne zilizopita umewahi kujiona huna thamani? "Hata siku moja, mwanangu, andika hata siku moja." Yote aliyajibu upesi, kwa sauti ya mwanafunzi aliyekariri.

Kisha lile swali la utambulisho. Ukiulizwa wewe ni nani, jambo la kwanza utakalojibu ni lipi? Kishikwambi kina majibu ya kuchagua: kabila, dini, kazi, mahali, familia, mengineyo.

Hilo hakulitegemea. Akaangalia mikono yake muda mrefu, mpaka kioo kikazima nikakigusa kiwake tena.

"Mimi ni mama yako," alisema.

Nikabonyeza familia.

Nilipofungua ile picha ya ngazi aliisogeza karibu na macho. Akaweka kidole daraja la tisa. Nikamtania, nikamwambia mbona hakufika juu kabisa. Akanijibu kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani, "Nikiweka kumi watasema umenifundisha."

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Nilikuwa na cheti chenye daraja la juu la somo la kusikiliza, na nilicheka.

Kwa mama mdogo nilitumia dakika ishirini na tano, dodoso ambalo lilikadiriwa dakika hamsini. Aliniombea dua mlangoni, nikaondoka. Niliahidi kurudi Jumapili kumkatia kuni. Jumapili ilinyesha.

Baada ya mwezi mmoja na nusu tuliitwa mjini kusikia matokeo. Waliyaonyesha ukutani kwa mashine, michoro ya rangi. Kijiji chetu kilikuwa kimesimama peke yake, mbali na vile viwili. Profesa mmoja mgeni alisimama akasema ni jambo la kutafakari, kwamba watu wenye ardhi ndogo na kipato kidogo namna ile wana ustawi mkubwa namna ile, na akataja mshikamano wa jamii, mizizi, utambulisho ulio imara. Msimamizi wetu akakiita kijiji chenye furaha. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Mshauri nasaha akapangiwa vile vijiji vingine, kimoja upande wa Mlalo, kingine karibu na Soni.

Na mimi nikaajiriwa. Nilikuwa nimekusanya madodoso mengi kuliko wote bila nyumba hata moja kukataa, kwa hiyo nikapewa mkataba wa mwaka na meza ofisini, karibu na dirisha. Nikipita hapa wananiajiri, nilimdanganya mama mdogo, na uongo ule ukatimia kama ulivyo.

Nilipanda kijijini kumpa habari. Kwenye njia panda kuna mama mwenye kibanda cha chai, jirani yetu tangu utoto wangu. Aliniona kwa mbali akatoka na taulo mkononi.

"Umefaulu?" aliniuliza kabla hata ya salamu.

Nikamwambia nimeajiriwa. Alinikumbatia, akanirushia vigelegele palepale barabarani, wateja wake wakageuka.

"Tulikupigania, mwanangu! Mama yako mdogo alituambia. Alipita nyumba kwa nyumba, kitongoji chote, kesho yake ile Jumapili uliyokuja. Mtoto wetu ana mtihani, msimwangushe, ukimjibu vibaya amekwisha. Na wewe ulivyofika ukatuonyesha juu ndiyo kuzuri, tukasema basi, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Hata yule wa Kigoma alimfuata kule stoo akamwelekeza."

Nilimshika mkono. Nadhani nilitaka kitu cha kushikilia.

"Alipita nyumba zote?"

"Zote. Tena tulishangaa. Maana hata kabla ya hapo alikuwa hatoki. Haji kanisani, haji mashineni, ukimpigia hodi anaitikia tu kutoka ndani. Sisi tukajua ana mawazo. Siku ile alitembea toka asubuhi mpaka jua linazama, na kale kamvua, hadi kule juu kwenye matuta. Na baada ya hapo akaingia ndani. Sijamwona tena barabarani." Akapunguza sauti. "Ila alifurahi sana kukusaidia."

Kwa mara ya kwanza nikaona kitu nilichokifanya, chote kwa ukubwa wake. Yule mwanamke alikuwa amebakiza nguvu za siku moja. Siku moja tu, na hakuitumia kuwasha jiko wala kuomba msaada. Aliitumia kuhakikisha kwamba kijiji kizima, yeye akiwemo, kinaniambia hakina shida, na hivyo msaada uliokuwa njiani haukutufikia.

Mtu angetegemea kwamba niligeuka palepale, nikashuka mjini, nikasema kweli. Ningekuwa nasimulia habari za mtu mwingine ningesema hivyo. Nilikaa kimya miezi miwili. Ningesema kweli, madodoso yote ya kijiji yangetupwa, na mimi nyuma yake, kurudi kuuza vocha. Nilikuwa na meza. Nilikuwa na mkataba wenye mhuri. Nilikwenda kwa mama mdogo kila Jumamosi, nikampikia uji, nikamchana nywele, nikamfulia, na kila niliporudi ofisini nilijipongeza kwamba namhudumia. Alikuwa anakunywa vijiko vitatu. Nikimuuliza anajisikiaje anasema nzuri.

Mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali na ukungu hauondoki mpaka saa sita mchana, yule mama wa chai alinipigia simu ofisini. Walimkuta mama mdogo amekaa juu kwenye matuta yake, kwenye mawe, amelowa. Alikuwa pale tangu asubuhi. Hakuwa analima wala kulia. Walipomuuliza anafanya nini alisema anapumzika.

Niliinuka kwenye ile meza nikaenda kwa msimamizi na kumwambia kila kitu. Mtihani, ngazi, kile kitufe cha Hapana. Nilijiandaa kufukuzwa. Nadhani nilitaka kufukuzwa, ningepata angalau adhabu ya kuonyesha.

Alinisikiliza vizuri, alikuwa mtu muungwana. Kisha akavua miwani na kutabasamu.

"Dada, kila mdadisi ana janja yake ya kupata majibu. Unadhani wa vijiji vingine walisoma kila neno? Takwimu zimeshatumwa, ripoti imeshaandikwa. Mshauri ana ratiba ya mwaka mzima. Mpeleke mama yako pale karibu na Soni kama mgonjwa wa kawaida, nitampigia simu." Akavaa miwani. "Na usijitese. Hakuna atakayejua."

Nilimwambia kwamba hilo ndilo linalonitesa. Alidhani natania.

Tulishuka siku ya Jumatano, kwenye pikapu ya kabichi iliyokuwa inakwenda Soni, mama mdogo amekaa mbele katikati ya dereva na mimi. Alikuwa mwepesi, kila kona alinilalia begani na sikuusikia uzito. Zahanati ilikuwa na foleni ndefu, watu wa kijiji kile wamekaa kwenye mabenchi na wengine kwenye nyasi, wanasubiri zamu ya kusikilizwa. Nilihesabu nyuso zile kwa wivu ambao nauonea haya. Walikuwa watu wenye bahati. Walikuwa wamesema ukweli.

Mshauri alikuwa kama nilivyomfikiria, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, asiye na haraka. Alimpa mama mdogo shikamoo, akamwekea kiti chenye mto, akamwambia hapa hakuna jibu baya wala zuri.

"Mama, siku hizi unajisikiaje?"

Mama mdogo hakumwangalia yeye. Alinitazama mimi, nilivyokaa pembeni na daftari la mgonjwa mapajani, na nikaona uso wake unajikusanya, kidogo kidogo, kwa kazi kubwa. Akanyoosha mgongo. Akafunga pindo la kitenge.

"Nzuri," alisema. "Sana. Nalala, nakula. Weka tisa."

Mshauri akanigeukia, haelewi. Mimi nilielewa. Nikapiga magoti sakafuni mbele ya kile kiti, nikamshika mikono, na nikamwambia. Nilimwambia kwamba hakukuwa na mtihani. Kwamba nilishamaliza masomo zamani. Kwamba nilimdanganya kwa sababu nilikuwa na aibu, na kwamba hata wangejibu vibaya nisingeanguka popote, wangeletewa huyu mama hapa, wangesaidiwa, yeye angesaidiwa. Nilimwambia hana haja ya kunikinga tena. Aseme tu, aseme linalomuuma. Nilisema yote bila kupumzika, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, nikilia, na katikati ya kulia kwangu, nakumbuka vizuri, nilisikia nafuu. Nilidhani ukweli ni dawa. Ndivyo tulivyofundishwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kushika. Aliitoa mikono yake mikononi mwangu, taratibu, akaiweka mapajani pake.

"Kwa hiyo sikukusaidia," alisema.

Nikasema hapana, ulinisaidia, mama, ulinilea, ulinisomesha. Mshauri naye akasema maneno mazuri, kwa ile sauti yake ya taratibu. Lakini mama mdogo alikuwa ameshageuza uso kwenye dirisha, kuelekea kwenye bonde la kijiji kile, bonde la watu wengine lenye kabichi. Ile siku aliyotembea na mvua nyumba kwa nyumba ndicho kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho mkononi, na mimi nilikuwa nimekichukua mbele ya mgeni ili nipate kulia.

Tangu Jumatano ile hajasema neno. Nilimpeleka hospitali ya wilaya, wakampa vidonge, navimeza naye kwa macho kila asubuhi nikihakikisha vimeshuka. Niliacha ile meza, nimerudi kijijini, nalima matuta mawili ya mawe. Watu wananiambia nimekuwa binti mwema. Wakiniuliza habari za mama yako mdogo najibu nzuri, maana wana haraka, na mimi ni mdogo kwao.

Asubuhi nawasha jiko, namfukuza paka kwenye majivu, nainama karibu na kitanda chake namuuliza ameamkaje. Nasubiri. Nalisubiri lile neno nililolichukia maisha yangu yote, hata kwa uongo, hata mara moja. Uji unapoa, naupasha tena, namuuliza tena. Hajibu.